Karata juu ya ubao wa sataranji: bahati ichague kete, sheria zisiguswe

Anayeanza sataranji hashindwi na sheria. Mwendo wa ngome unaelezwa kwa sentensi moja, wa askofu vivyo hivyo, na hata farasi na kona yake humkaa mtu kichwani akishamrusha mara kadhaa. Kinachomlemea ni wingi wa mambo yanayowezekana kwa wakati mmoja. Kete zikiwa bado zimepangwa, mweupe tayari ana hatua 20 halali: 16 za askari na 4 za farasi. Mweusi naye ana 20 za kujibu, kwa hiyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu, ubao unaweza kuwa katika hali 400 tofauti. Mzoefu hazioni zote, kwa sababu macho yake yamezoea kutupa zile zisizo na maana. Mgeni hana cha kutupia. Anaganda, anamtazama mwalimu usoni, kisha anasogeza askari wa pembeni ili mradi amecheza.

Nafundisha watu wanaoanza, wakubwa kwa wadogo, na kwa michezo ya mwanzo huwa naweka pakiti ya karata za kawaida kando ya ubao. Zile za joka (joker) naziondoa. Zinazobaki 52 nazigawia kazi hivi: K inasogeza mfalme, Q malkia, J farasi, 10 ngome, 9 askofu, na zote kuanzia 2 hadi 8 zinasogeza askari. Ree (A) ni huru, mwenye nayo anacheza kete yoyote. Rangi na alama hazihusiki. Unaokota karata, inakwambia kete gani icheze, wewe unaamua iende wapi.

Hapo swali limepungua ghafla. Badala ya "nicheze nini katika vyote hivi?" mwanafunzi anaulizwa "farasi wako wawili wanaweza kwenda wapi, na wapi ni pazuri?" Swali hilo analiweza. Atahesabu vyumba, atagundua kwamba farasi anayerukia pembeni mwa ubao ana pa kwenda pachache kuliko wa katikati, na hilo ataligundua mwenyewe bila kuhubiriwa. Faida nyingine ni kwamba kila kete inapata zamu yake. Bila karata, anayeanza humpenda malkia na kumtembeza peke yake huku ngome zikisinzia pembeni hadi mchezo unaisha. Karata ya 10 inamlazimisha atafute njia ya kuitoa ngome, na ndipo anapoelewa kwa nini askari walio mbele yake wana umuhimu.

Kuingiza bahati katika sataranji si jambo la juzi. Mwanazuoni Al-Biruni, alipoandika kuhusu Uhindi mnamo 1030, alieleza sataranji ya watu wanne iliyochezwa kwa dadu, ambapo namba iliyoanguka ndiyo iliyotaja kete ya kusogezwa. Huko Castilla, katika Hispania ya leo, kitabu cha michezo kilichoandikwa kwa amri ya mfalme Alfonso X na kukamilika mwaka 1283 kinasema dadu ziliingizwa kwa sababu watu walichoshwa na urefu wa mchezo. Sita ilimsogeza mfalme, tano yule mshauri ambaye leo ni malkia, nne ngome, tatu farasi, mbili kete ambayo leo ni askofu, na moja askari. Wale walitaka kufupisha mchezo. Mimi nataka kupunguza mzigo wa anayejifunza, na ukiwa na lengo hilo dadu ni chombo kibaya kuliko karata.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Mwanzoni mwa mchezo kete zinazoweza kusogea ni askari na farasi tu. Kwa dadu moja, namba mbili kati ya sita ndizo zinazofaa, kwa hiyo mara nyingi zaidi mchezaji anarusha na kukwama. Kwa karata nilizozitaja, zinazofaa ni 28 za askari, 4 za farasi na 4 za ree, jumla 36 kati ya 52. Bado zinabaki 16 zinazokwamisha, karibu theluthi. Lakini karata zina jambo ambalo dadu haina: unaweza kushika kadhaa mkononi. Mpe mchezaji tatu, na uwezekano wa zote tatu kukwama kwenye hatua ya kwanza unashuka hadi takriban mara 1 kati ya 40. Isitoshe, karata zina kumbukumbu. Q tatu zikishatoka, mchezaji makini anajua imebaki moja, na mpinzani hawezi kumtumia malkia ovyo. Dadu haikumbuki chochote.

Kwa hiyo karata moja moja naitumia kwa muda mfupi sana, pale mtu anapojifunza mwendo wa kete tu. Ikiendelea inaanza kuharibu. Hebu fikiria mweupe kasogeza askari aliye mbele ya mfalme hadi e4 (herufi a hadi h hutaja safu ya wima, namba 1 hadi 8 hutaja mstari, kuanzia upande wa mweupe), kisha anaokota K. Hatua halali iliyopo ni moja, mfalme kwenda e2, na hiyo ni hatua ambayo hakuna mwalimu angetaka mwanafunzi aizoee. Akiwa na karata tatu, K ataishikilia hadi siku yake ifike. Kushikilia huko tayari ni kupanga.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolisimamia kwa nguvu zote. Bahati iruhusiwe kuchagua kete gani isogee, isiruhusiwe kamwe kugusa namna kete inavyosogea. Kuna michezo ya karata iliyotengenezwa kwa ajili ya sataranji, na inagawanyika hapo hapo. No Stress Chess ya kampuni ya Winning Moves inampa anayeanza karata inayotaja kete na kumwonyesha mwendo wake. Knightmare Chess, iliyotolewa na Steve Jackson Games mwaka 1996, ina karata zinazopindua sheria zenyewe katikati ya mchezo. Hii ya pili inawachangamsha sana wanaojua sataranji, kwa sababu wanajua ni kitu gani kinachopinduliwa. Ukimpa asiyejua, ataondoka na sheria zilizochanganyika na vituko, na utatumia muda mrefu kumwondolea alichojifunza kuliko ambao ungetumia kumfundisha.

Ugumu halisi uko kwa mfalme. Akipigwa cheki, yaani akitishiwa kuliwa, afanyeje mtu ambaye karata zake haziruhusu kumwokoa? Ukisema basi, afe, umeua maana ya chekimeti, ile cheki isiyo na njia ya kutoka na inayomaliza mchezo: mfalme atakuwa ameanguka kwa kukosa karata na si kwa kukosa njia. Kanuni yangu ni kwamba mfalme akiwa kwenye cheki, karata hazina nguvu. Mchezaji anaruhusiwa kufanya hatua yoyote halali inayomtoa hatarini: kumsogeza mfalme, kuziba njia, au kumla anayetishia. Hatoi karata, na zilizo mkononi zinabaki zilezile. Upande wa pili wa kanuni hiyo ni muhimu vilevile. Malkia anayemlenga mfalme anampa cheki hata kama mwenye malkia hana Q mkononi. Tishio liko ubaoni, haliko kwenye karata. Kwa njia hiyo chekimeti ya mchezo wa karata ni chekimeti ileile ya sataranji, na mwanafunzi hatalazimika kuisahau baadaye.

Kanuni ya pili inahusu kukwama. Ni rahisi sana kusema kwamba asiye na karata inayofaa apitwe zamu, lakini katika sataranji hakuna kupita zamu. Upo wakati, hasa kete zikiwa zimebaki chache, ambapo kila hatua uliyo nayo inakuumiza na bado ni lazima ucheze. Michezo mizima huamuliwa hapo. Aliyezoea kupitwa zamu hataelewa kwa nini. Kwa hiyo zikikwama zote tatu, mchezaji anazionyesha, anaziweka chini ya fungu, anaokota tatu nyingine, na kuendelea hivyo hadi ipatikane inayochezeka. Kabla ya kuokota atazame ubao kwanza: kama hana hatua halali hata moja kwa kete yoyote, na mfalme wake hayuko kwenye cheki, mchezo umeisha sare. Tofauti ya karata kukwama na ubao kukwama inafaa ielezwe mapema na irudiwe.

Mambo madogo yanajipanga yenyewe. Ile hatua ya mfalme na ngome kusogea pamoja inahitaji K, kwa kuwa mfalme ndiye anayeanza. Askari akifika mstari wa mwisho anageuzwa papo hapo, karata ya askari inatosha. Kumla askari anayepita, yaani aliyeruka vyumba viwili na kutua kando ya askari wako, ni kazi ya askari, lakini haki yake inakwisha zamu hiyohiyo kama ilivyo kawaida, uwe na karata au usiwe nayo.

Nionyeshe ubao mmoja ninaoutumia mara kwa mara. Mweupe ana askari e4, malkia h5 na askofu c4. Mweusi ana askari e5 na farasi wawili, c6 na f6. Kete nyingine zote ziko pale zilipoanzia. Zamu ni ya mweupe. Katika mchezo wa kawaida malkia anakula f7 na ni chekimeti, na mtoto aliyeikariri ataicheza bila kujua inafanyaje kazi. Sasa mpe mkononi 9, 4 na J. Hana Q, hana ree, na farasi wa f6 anamtolea macho malkia wake. Akitumia 9, askofu anaweza kula f7 kwa cheki. Mfalme mweusi hawezi kumla askofu huyo kwa kuwa malkia anamlinda kutoka h5, na pa kukimbilia ni e7 peke yake. Vizuri, lakini zamu ikirudi malkia bado yuko hatarini, na asipookota Q au ree hataweza kumwondoa. Akitumia 4, askari wa g anaweza kwenda g4 na kumlinda malkia. Hapo namuuliza: farasi akimla malkia, nawe ukamla farasi, nani kapata hasara? Wengi wananyamaza kidogo, kisha wanacheka. Askofu huyohuyo wa 9 angeweza pia kurudi e2 na kumlinda malkia kwa mshazari, na swali la hasara linabaki lilelile. Akitumia J, farasi hata mmoja hawezi kufika pa kumlinda malkia, kwa hiyo anakuwa anaweka dau kwamba mpinzani hana J wala ree.

Ubao ni mmoja, na kila karata imeleta funzo lake: ulinzi, thamani ya kete, njia ya kutoroka, na kukadiria hatari. Bila karata tungecheza hatua moja na kuzifuta kete.

Nimesikia hoja kwamba bahati inamfundisha mtu kulaumu karata badala ya kufikiri. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu karata hazipaswi kukaa mezani milele. Ila kuna jambo ambalo walimu wengi hawalipi uzito wake: anayeanza na kushindwa kila mchezo dhidi ya mtu yuleyule huacha kucheza. Bahati inampa ushindi wa hapa na pale, na mzazi anayecheza na mwanawe halazimiki kujifanya haoni. Watoto hulitambua upesi sana jambo hilo la kuachiwa, na huwaumiza.

Kuzitoa karata nako kuna utaratibu wake. Sizitoi zote kwa mkupuo. Mwanzoni ree pekee ndizo huru, yaani 4 kati ya 52. Mchezaji akishazoea, natangaza kwamba 2, 3 na 4 nazo ni huru, na sasa karata huru ni 16. Baadaye 5 hadi 8, zinakuwa 32. Ukifika hapo mchezaji karibu kila mara ana karata huru mkononi, na zile za kete maalumu zinabaki kama kikwazo kidogo cha kumkumbusha ngome na maaskofu. Dalili ya kwamba muda umefika naipata kwenye malalamiko yake. Akilalamika kwamba karata zimemnyima hatua nzuri, na anaweza kuitaja hatua yenyewe na sababu yake, basi pakiti irudi kwenye kasha.

Kwake, si kwangu. Nafasi kati ya mwalimu na mwanafunzi bado ni kubwa, kwa hiyo mwanafunzi anacheza sataranji kamili huku mimi nikibaki na karata tatu mkononi na ree pekee zikiwa huru. Anajua kwamba naweza kukosa hatua niliyoitaka, na anaanza kutafuta nafasi ambazo zinanitaka niwe na kete fulani. Akinishinda michezo miwili mfululizo naongeza karata ya nne, kisha ya tano. Akishindwa miwili, narudi kwenye tatu.