Wajibu si kutii amri

Neno wajibu tumelichakaza. Karani anayekuzungusha wiki nzima husema anatimiza wajibu wake, na askari aliyempiga raia husema hivyo hivyo. Anayebebeshwa lawama mara nyingi ni Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani wa Königsberg (1724–1804), na anaonewa. Hizi hapa dhana nne potofu kuhusu wajibu na maadili.

Dhana: Wajibu ni kumtii aliye juu yako.

Mwaka 1961, mahakamani Jerusalem, Adolf Eichmann, afisa wa Hitler aliyepanga safari za kuwapeleka Wayahudi kuuawa, alidai kuwa maisha yake yote alifuata mafundisho ya Kant kuhusu wajibu. Dai hilo linaniuma, maana Kant alifundisha kinyume. Katika kitabu chake cha mwaka 1785, sheria ya wajibu haishuki kutoka kwa mkubwa yeyote. Kila mwenye akili hujiwekea mwenyewe kwa kujiuliza: kanuni hii ninayoifuata, ningetaka iwe sheria ya watu wote? Anamtaja mtu mwenye dhiki anayekopa na kuahidi kulipa, ilhali anajua hatalipa. Wakopaji wote wakifanya hivyo, "nitalipa" haitasadikiwa na yeyote, na hata uongo wake hautamfaa. Tafuta amri ya bosi katika hoja hiyo, haimo.

Ni kweli Kant aliwakatalia raia haki ya kuiasi serikali, na hapo mimi simfuati. Lakini mwaka 1793 aliandika waziwazi kwamba wanadamu wakiamuru jambo lililo ovu lenyewe, haitupasi kutii.

Dhana: Kant alikataza kumtumia mtu.

Watu huliruka neno moja: *tu*. Alikataza kumtumia mtu kama chombo tu. Dereva wa bodaboda ananifikisha sokoni nami namlipa nauli. Tunatumiana, na kila mmoja ameridhia. Kosa linaanza nikipanda nikijua mfukoni sina kitu. Hapo nimemnyima nafasi ya kukubali au kukataa, nimemfanya chombo.

Dhana: Fadhila kwa Aristotle ni kukaa katikati.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema fadhila, yaani tabia njema, iko kati ya kuzidi na kupungua, lakini si nusu kwa nusu. Kukasirika inavyostahili, kwa mtu anayestahili, kwa wakati wake, kunaweza kuwa hasira kali. Na wizi, uzinzi na mauaji, alisema, havina kiasi chema.

Dhana: Timiza wajibu kwanza, ndipo udai haki.

Hii tunaisikia majukwaani, na ndiyo inayonikera kuliko zote. Mtoto mchanga hana wajibu hata mmoja, na haki anazo. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu, la mwaka 1948, linasema binadamu wote wanazaliwa huru na sawa katika heshima na haki, kuzaliwa kunatosha. Wapo wanaojibu kwamba huo ni mtazamo wa Wazungu na kwamba Afrika huanza na wajibu. Basi tusome Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Ni kweli wajibu umo, ibara ya 27 hadi ya 29, pamoja na kuwaheshimu wazazi daima na kuwatunza wanapohitaji. Lakini ibara ya 5 inakataza mateso kwa kila mtu, na haiulizi kama anayeteswa alikuwa ametimiza wajibu wake.