Eikenella corrodens: Dhana Potofu Kuhusu Bakteria wa Kinywani

Dhana: Jina lake linaonyesha kwamba hula nyama ya mtu.

Neno la Kilatini corrodens lina maana ya kutafuna, na ndilo linalowatisha wengi. Hata hivyo, kinachotafunwa ni agari, yaani rojo iliyoganda ambayo juu yake wataalamu wa maabara huotesha vijidudu: bakteria huyu huichimba vishimo vidogo, na mara nyingi hutoa harufu kama ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hata vishimo hivyo huchimbwa na takriban nusu tu ya aina zake. Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na mtafiti Eiken, aliyemweleza mwaka 1958. Ndani ya kinywa bakteria huyu huishi katika ukoga wa meno na kwenye ufizi wa watu wenye afya njema, na wengi wao hawatajua kamwe kwamba wanaye.

Dhana: Kidonda kidogo juu ya kifundo cha kidole baada ya kumpiga mtu ngumi mdomoni ni mchubuko tu.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Aliyepiga hajioni kuwa ameumwa na meno, ilhali jino limemchoma kama sindano. Ngumi inapokunjwa, kano inayopita juu ya kifundo hukazwa na kiungo hukaa karibu sana na ngozi, hivyo jino huweza kupenya ngozi, kano na hata kifuko cha kiungo kwa pigo moja. Mkono unapofunguliwa, kano hurudi nyuma na kuufunika ule upenyo, na bakteria hubaki wamefungiwa ndani, mahali ambapo kuosha kwa sabuni hakuwafikii. Kwa nje huonekana tundu lisilozidi milimita chache. Siku kadhaa baadaye mkono huvimba, usaha hutoka, na maambukizi yakifika kwenye mfupa au kuharibu gegedu, kidole huweza kukakamaa daima. Jeraha la namna hii huhitaji daktari siku ileile, naye aambiwe ukweli kwamba limetokana na jino, hata kama kusema hivyo kunaleta aibu.

Dhana: Metronidazoli inatosha, kwa kuwa ni dawa inayojulikana kwa bakteria wa kinywani.

Metronidazoli hulenga bakteria wasiohitaji oksijeni, na Eikenella, ambaye huishi penye oksijeni na pasipo nayo, huihimili. Klindamaisini nayo kwa kawaida haimwezi, wala sefaleksini, ambayo mara nyingi hutolewa kwa vidonda vya ngozi. Kinachoshangaza ni kwamba penisilini ya zamani humdhibiti vizuri. Hata hivyo, kwa kuwa mara nyingi huja pamoja na bakteria wengine wa kinywani, kama streptokoki, madaktari hupendelea amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti, kiambato kinachozuia bakteria wasiiharibu dawa hiyo. Bakteria huyu pia huota polepole na hustawi zaidi penye hewa ya kabonidayoksaidi, kwa hiyo sampuli ikitupwa mapema, huenda waonekane wale wanaokua haraka tu.

Dhana: Mate ni dawa, kwa hiyo kulamba kidonda hukisafisha.

Ni kweli kwamba mate yana kemikali zinazopambana na vijidudu, lakini yana pia vijidudu vyenyewe. Watu wanaotafuna kucha, hasa wenye kisukari, na wale wanaolamba sindano kabla ya kujidunga dawa za kulevya wamepata maambukizi ya bakteria huyu kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana huitwa bakteria nyemelezi: tabia yake ni ileile, kilichobadilika ni mahali alipopelekwa au nguvu ya kinga aliyoikuta.

Dhana: Kwa kuwa anaweza kushambulia moyo, kila anayeng'olewa jino ameze antibiotiki kwanza.

Eikenella ni miongoni mwa bakteria wa kundi la HACEK (herufi za kwanza za majina yao), wanaojulikana kwa kuambukiza vali za moyo, ingawa visa hivyo ni vichache. Tangu mwaka 2007, mwongozo wa Shirika la Moyo la Marekani unapendekeza antibiotiki hizo za kinga kwa walio katika hatari kubwa kabisa pekee, kama vile wenye vali bandia au waliowahi kupata maambukizi hayo, kwa sababu kutafuna chakula na kupiga mswaki huingiza bakteria wa kinywani kwenye damu mara nyingi zaidi kuliko ziara chache kwa daktari wa meno.