AC inapuliza lakini haipozi? Usikimbilie gesi

Kaskazi ikianza kuvuma, simu za wateja wa Dar es Salaam hazinipi nafasi ya kunywa chai. Na wengi wanaopiga wameshajipima ugonjwa wenyewe: "Fundi, AC imeisha gesi, njoo uijaze."

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, kutoka kompresa, yaani pampu inayoisukuma, hadi koili ya nje, yaani bomba lililokunjwakunjwa, kisha koili ya ndani, kisha inarudi. Kiasi kilichowekwa siku ya kwanza kinatakiwa kibaki vile vile miaka yote. Si mtungi wa jikoni unaopungua kila ukipika. Ikipungua, pana mahali inavuja, na fundi anayeongeza bila kupatafuta amekuuzia gesi ya kupeperuka hewani. Mwakani mtaonana tena, na bei itakuwa imepanda.

Ila mara nyingi gesi haina hata kosa. Anza na rimoti. Kama alama ya theluji haionekani kwenye kioo chake, huenda mtoto ameibonyeza ikahamia kwenye feni tupu, na feni tupu haijawahi kupoza chumba. Halafu kuiweka nyuzi 16 hakufanyi AC ya kawaida ipoze haraka kuliko ukiiweka 24. Kompresa yake ina mwendo mmoja tu, inachelewa kupumzika basi.

Kisha filta. Fungua kifuniko cha mashine ya ndani, chomoa zile nyavu za plastiki, uziinue kwenye mwanga wa dirisha. Kama mwanga haupenyi, hewa nayo haipenyi. Osha kwa maji na sabuni kidogo, anika kivulini, rudisha. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi ifanye hivyo kila baada ya wiki mbili. Hewa ikikosa njia, koili inapoa kupita kiasi, unyevu unaganda juu yake, na barafu hiyo inaziba hata ile njia iliyokuwa imebaki. Ukikuta barafu, usiichokonoe kwa bisibisi. Nimeona koili nzima zikitobolewa hivyo. Washa feni peke yake hadi iyeyuke. Barafu ikirudi na filta ni safi, hapo sasa nami naanza kuishuku gesi.

Toka nje ukasikilize ile mashine nyingine. Feni inazunguka na kompresa inanguruma mfululizo? Vizuri. Feni inazunguka, kompresa inaguna sekunde chache, inakata kwa "tak", halafu baada ya dakika kadhaa inajaribu tena? Mshukiwa wangu wa kwanza ni kapasita, kile kikopo cha aluminiamu kinachoisaidia kompresa kuanza na kuendelea kukimbia. Kikifa, kichwa chake mara nyingi huvimba. Kilichoandikwa mikrofaradi 35 kikipimwa kisome 20 na kitu, kompresa haina nguvu ya kuondoka. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na gesi, sembuse kompresa mpya. Usikishike mwenyewe, kwa sababu kinahifadhi umeme hata baada ya kuzima swichi ya ukutani. AC za inverta, zile ambazo kompresa yake hubadili mwendo, hazitumii kapasita ya namna hii kwa kompresa. Zenyewe huonyesha msimbo wa hitilafu, kwa hiyo upige picha umtumie fundi kabla hajafunga safari.

Umeme wenyewe pia. Tunategemea volti 230, lakini mtaa wote ukiwasha vitu saa mbili usiku, kwingine zinashuka hadi kompresa inashindwa kuwaka. AC inayopoza vizuri usiku wa manane na kugoma jioni, mwambie fundi apime volti jioni hiyo hiyo, asije asubuhi. Na umeme ukikatika ukarudi, subiri dakika tatu hadi tano. AC inajichelewesha makusudi ili kulinda kompresa.

Kwa wakazi wa Kigamboni, Msasani, Mombasa au Unguja kuna adui wa ziada: chumvi. Mapezi ya aluminiamu ya mashine ya nje, yale mabati membamba yaliyopangwa kwenye koili, yanageuka unga mweupe na joto linakosa pa kutokea. Yaoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa mpira wa bustani, umeme ukiwa umezimwa. Na jamani, msianike nguo mbele ya feni hiyo.

Sasa gusa mabomba pale yanapoingia kwenye mashine ya nje, baada ya AC kufanya kazi kama robo saa. Bomba nene linatakiwa liwe baridi na litoke jasho. Ukikuta jembamba limeota barafu na nene ni kavu, la vuguvugu, gesi imepungua kweli. Ndani, weka kipimajoto pale hewa inapoingia juu, kisha pale inapotokea. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaonyesha mashine inafanya kazi yake.

Ikithibitika ni gesi, muulize fundi: inavujia wapi? Mteja mmoja wa Tabata alikuwa akijaziwa kila mwaka. Nilipofungua kifuniko cha pembeni, nati moja ilikuwa na mafuta yaliyoshika vumbi. Kompresa ina mafuta yanayosafiri na gesi, hivyo inapotokea gesi na mafuta hutokea hapo. Nikapaka povu la sabuni, likaanza kububujika. Nati ilikazwa kupita kiasi, mdomo wa shaba ukapasuka ufa mwembamba kama unywele. Tulikata, tukatanua mdomo mpya, tukavuta hewa yote kwa pampu, tukajaza kwa mizani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye lebo.

Lebo hiyo isome nawe, imeandikwa aina ya gesi. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hujazwa ikiwa kimiminika. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuvuta sigara hapo. R22 inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na kwa nchi zinazoendelea ukomo ni 2030. AC ya R22 yenye koili iliyooza, mimi simshauri mtu aitengeneze.

Na kama kila kitu ni kizima ila chumba hakipoi, pima chumba. AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye sebule iliyofunguka hadi jikoni, chini ya bati lisilo na dari ya maana, itakimbia mchana kutwa bila kufika. Kabla ya kununua ya 18,000, ziba dari na weka pazia zito upande wa jua la jioni, uone.