Je, dawa ya RNA ndogo dhidi ya virusi hubadili vinasaba vya mtu?

Mhogo ulioshikwa na ugonjwa wa batobato, baada ya kukaa na majani yaliyojikunja na yenye mabaka ya njano, unaweza kuanza kutoa majani safi bila kupuliziwa chochote. Si kila mbegu ya mhogo hufanya hivyo, wala si kwa kila kirusi. Lakini wataalamu walipochunguza mihogo iliyopona hivyo waliikuta imejaa vipande vifupi vya RNA, uzi wa kemikali unaobeba ujumbe wa vinasaba. Vilikuwa na herufi, yaani viungo vya uzi huo, ishirini na kitu tu, na vilikatwa kutoka kwa kirusi chenyewe. Mmea ulikuwa umemkata adui na kutumia vipande vyake kumsaka.

Watu wa Tanga wana sababu ya kuifuatilia habari hii. Batobato ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka Usambara, na Mjerumani Warburg. Mwaka 1936 mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, juu ya Muheza, akaeleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huu una hila zaidi: shina na majani vinaweza kuonekana vizima, ukichimba unakuta mhogo umeoza ndani kwa ndani. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, na pingili zenye ugonjwa.

Kanuni yenyewe ilifumbuliwa kwa minyoo. Andrew Fire na Craig Mello waliichapisha mwaka 1998 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2006. Katikati hapo, mwaka 2001, Thomas Tuschl na wenzake walionyesha kuwa vipande vya herufi 21 hufanya kazi hata ndani ya seli za binadamu.

Kinachofanyika ni hiki. Virusi vingi vinapozaliana hupita hatua ambapo RNA yao inakuwa nyuzi mbili ndefu zilizoshikana, kitu ambacho si cha kawaida katika seli yenye afya. Kimeng'enya cha seli huzikatakata nyuzi hizo kuwa vipande vifupi.

Sasa mfikirie mtunza baiskeli sokoni. Anachana kadi vipande viwili: nusu moja anaifunga kwenye baiskeli, nusu nyingine unaondoka nayo. Ukirudi hakuulizi jina. Anaweka kingo mbili zilizochanika pamoja, zikikaa sawasawa baiskeli ni yako. RNA nayo ina kingo za namna hiyo: herufi A hukaa na U, G hukaa na C. Protini iitwayo Agonauti hupokea kipande chenye nyuzi mbili, hutupa uzi mmoja na kubaki na wa pili mkononi kama nusu ya kadi. Kisha huzijaribisha RNA zinazopita ndani ya seli, moja baada ya nyingine. Isiyokaa huachwa iende. Ile inayokaa kingo kwa kingo hukatwa, na seli huisaga mabaki yake. Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi: nusu ya kadi haipotei. Agonauti huendelea na msako ikiwa nayo, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kuharibu RNA nyingi sana.

Herufi 21 zinatosha? Herufi nne zikipangwa katika nafasi 21 hutoa mipangilio zaidi ya trilioni 4, ilhali DNA yote ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Kwa hesabu, kukamata RNA isiyohusika ni jambo la nadra. Kwa vitendo si nadra kiasi hicho, maana herufi saba za upande wa mwanzo zikikaa tu, RNA isiyohusika inaweza kudhoofishwa. Ndiyo maana mpangilio wa herufi huchaguliwa kwa uangalifu mkubwa.

Tuje kwenye hofu inayosikika kuliko zote: kwamba sindano ya RNA ndogo itaingia kwenye vinasaba na kumgeuza mtu. Hofu hii ina chanzo kinachoeleweka. Kuna mhogo ambao wataalamu waliuwekea ndani ya DNA maelekezo ya kutengeneza vipande hivi dhidi ya virusi vya michirizi ya kahawia, na mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliuidhinisha mmoja wa aina hiyo. Mhogo ule kweli umebadilishwa vinasaba, na pingili zake huurithi uwezo huo.

Dawa ya binadamu haitengenezwi hivyo. Vipande hutengenezwa kiwandani vikiwa tayari, vikaingizwa mwilini, vikafanya kazi hasa nje ya kiini cha seli, wakati DNA imo ndani ya kiini. Herufi 21 zingetosha kutaja asidi amino, yaani viungo vya protini, saba tu, kwa hiyo hakuna jeni lolote linalobebwa humo. Kinachokatwa ni RNA, yaani ujumbe ulioandikwa kutokana na DNA, na baada ya muda vipande vyenyewe humeng'enywa. Mgonjwa hulazimika kuchomwa tena. Dawa ya kwanza ya aina hii, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi usiohusu virusi.

Kwa virusi mambo yamekuwa magumu zaidi. Mwaka 2010 vipande dhidi ya Ebola viliwakinga nyani waliokwisha kuambukizwa. Mwaka 2015 dawa ya namna hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa Sierra Leone, na jaribio likasimamishwa kwa kuwa manufaa hayakuonekana.

Homa ya ini B inatia matumaini zaidi. Ini hufikika kwa urahisi, kwa sababu seli zake zina vipokezi vinavyovuta ndani kitu chochote kilichofungiwa sukari fulani. Tena kirusi chenyewe kina herufi kama 3,200 tu, na jeni zake zimelaliana kiasi kwamba RNA zake zote huishia sehemu moja. Kipande kimoja kilichochaguliwa vizuri kinaweza kuzikata zote.

Ila kirusi hiki huacha DNA yake ndani ya kiini, na pengine nakala zake hujipachika katikati ya DNA ya mgonjwa. Mabadiliko ambayo watu huyahofia kwa dawa, kirusi ndicho hasa hufanya. Utafiti wa ARC-520, dawa ya RNA ndogo dhidi ya kirusi hiki, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kwa baadhi ya wagonjwa protini nyingi za kirusi zilitoka kwenye nakala hizo zilizojipachika, ambazo zilikuwa zimepoteza sehemu iliyolengwa na dawa. Dawa zilizofuata zikalenga sehemu nyingine. Zinashusha protini za kirusi, lakini kwa wagonjwa wengi dawa zikikoma protini hizo hupanda tena, kwa kuwa DNA ya kirusi haijaguswa. Kwa hiyo majaribio sasa huziunganisha na dawa za kuamsha kinga, kama interferoni, ili mwili wenyewe uzimalize seli ambazo RNA ndogo haiwezi kuzisafisha.