Kijiwe kinajua watu kuliko injini

Bodaboda mgeni akipokelewa kijiweni, kabla hajapata abiria wa kwanza atakuwa ameshapewa ushauri wa kumtosha mwaka mzima. Ataambiwa asimame upande gani, trafiki wa zamu ya asubuhi yukoje, mteja gani hukopa nauli na haonekani tena, oili ipi haichoshi injini, cheni ikazwe vipi. Hakuna anayemtoza hata shilingi. Banda langu la ufundi hapa Morogoro limepakana na kijiwe, kwa hiyo ushauri wote huo unanifikia bure. Baadaye nakutana nao tena mezani, umeshageuka beringi iliyosagika au pistoni yenye mikwaruzo.

Msimamo wangu ni huu: kijiwe kikikwambia jambo kuhusu watu, njia na hela, kaa usikilize mpaka mwisho. Kikikwambia jambo kuhusu chuma, sema asante, kisha kaulize kwingine. Vijana pikipiki wanazijua, tena wapo wanaojua kwa kusikia tu mlio kwamba valvu zinahitaji kurekebishwa. Shida iko kwenye muda. Anayebeba abiria mbaya anaumia usiku uleule, na alfajiri kijiwe kizima kina habari. Anayeweka oili isiyofaa anaumia miezi baadaye, wakati ameshasahau nani alimshauri, na mshauri mwenyewe huenda ameshahamia kijiwe kingine. Ushauri wa aina ya kwanza unasahihishwa kila siku. Wa aina ya pili hausahihishwi na mtu, labda yule anayefungua injini.

Nianze na wanachokijua vizuri, maana hapo hata mimi ni mwanafunzi.

Chukua abiria wa usiku. Mtu wa kawaida wa hapa kwetu, hata safari iwe ya shilingi elfu moja, atabishana kidogo. Ukitaja bei saa tano usiku, safari yenyewe ya nje ya mji, naye akajibu tu "twende", kijiwe kinakufundisha uanze kumwangalia mikono. Halafu kuna desturi moja ambayo naipenda kwa urahisi wake. Kabla hujaondoka unapaza sauti: "Oya, nampeleka huyu kaka Bigwa, narudi sasa hivi!" Mwenzako anamwangalia abiria usoni na kumsalimia kwa heshima, "Safari njema kaka." Abiria mwema hajavunjiwa heshima. Mwenye nia mbaya ameshajua kwamba sura yake imeonekana na njia yake inajulikana. Hakuna kifaa cha kuzuia wizi ninachoweza kukufungia hapa bandani kikafanya kazi hiyo.

Au chukua mkataba. Vijana wengi hawana pikipiki zao. Wanaendesha ya bosi, wanapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa mali yao. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Wakongwe wa kijiwe ndio watakaokuuliza maswali ambayo bosi hakuyagusa: siku pikipiki iko kwa fundi, hesabu inadaiwa au haidaiwi? Tairi ni za nani? Ukiugua wiki nzima, unaruhusiwa kumpa deiwaka, yaani dereva wa kukushikia kwa muda? Ikiibiwa je? Na ukishamaliza, kadi ya usajili ya TRA inabadilishwa jina lini, na gharama hiyo anatoa nani? Nimeona mkataba ukirudishwa kwa bosi ukiwa na mistari mitatu ya nyongeza iliyoandikwa kwa kalamu juu ya tangi la mafuta, na bosi akasaini. Kijana peke yake asingethubutu. Alipokwenda na kaka zake wawili wa kijiweni, mazungumzo yakawa mengine.

Kisha kuna siku ya ajali. Taarifa ikifika, hakuna kikao. Mmoja anakwenda hospitali, mmoja anabaki na pikipiki isije ikapotea au ikanyofolewa vifaa, mmoja anampigia mke wa aliyeumia, mmoja anampigia bosi. Mweka hazina anafungua daftari. Michango hiyo, ya matibabu na ikibidi ya rambirambi, ndiyo bima pekee ambayo wengi wao wanayo, kwa sababu ile bima ndogo ya lazima ni ya kumlinda mtu mwingine uliyemgonga, haigusi mguu wako wewe.

Ila hapohapo pa ajali, huruma yenyewe huzidisha madhara. Majeruhi ananyanyuliwa kwa makwapa, anapakiwa mshikaki katikati ya wenzake wawili, anakimbizwa hospitali huku kichwa kinayumba. Kama shingo au uti wa mgongo umeguswa, safari hiyo inaweza kumpoozesha. Msimsogeze bila sababu. Zuieni magari, ashikiliwe kichwa kitulie, itafutwe gari ambalo anaweza kulala chali. Na anayesema "niko poa" baada ya kugonga kichwa msimwache aende kulala nyumbani peke yake. Damu inaweza kuvuja ndani taratibu, akazidiwa saa kadhaa baadaye.

Sasa tuje kwenye chuma.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi ninachosema kuhusu muda ni chujio la hewa. Kuna ushauri kwamba ukilitoa, pikipiki "inapumua" na kuwa nyepesi. Ni kweli, siku hiyo utaihisi nyepesi kidogo, hasa kama chujio lilikuwa limejaa uchafu. Utawasifia waliokushauri, nawe utamshauri mwingine. Lakini vumbi la barabara zetu ni mchanga mwembamba, na mchanga ukiingia kwenye silinda unasugua ringi na kuta za silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Miezi inapita, moshi wa bluu unaanza kutoka nyuma, oili inapungua bila kuvuja popote. Hapo kijana anakuja kwangu kulalamika kwamba pikipiki za siku hizi hazina ubora. Kumbe lile chujio angelisafisha tu, au kununua jipya kwa hela isiyofika hata robo ya ninayomdai kuchonga silinda.

Oili ndiyo inayoniletea wateja wengi zaidi. Kijiweni inaaminika kwamba oili ya gari ni ya kiume, inakaa sana. Kwenye gari la kawaida la gia za mkono, injini ina oili yake, gia zina yake, na klachi inakaa pakavu. Kwenye Boxer, TVS, Haojue na nyingi kati ya pikipiki za biashara mnazoziona mtaani, injini, gia na klachi vinaoga oili moja, nayo ni kama lita moja tu. Oili nyingi za magari za siku hizi zinatiwa viungo vya kupunguza msuguano. Injini inavifurahia. Klachi haivitaki, kwa sababu kazi yake yote ni msuguano: pleti zisiposhikana, nguvu inapotea kabla haijafika kwenye tairi. Ndiyo ile pikipiki inayopiga kelele mlimani na mwendo hauongezeki. Kwa hiyo kabla ya kununua, geuza kopo, usome nyuma. Tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ukikuta JASO MB, hiyo ni ya skuta zisizo na klachi ya kuoga oili, irudishe. Unene fuata kitabu cha pikipiki yako. Hapa kwetu 20W-50 ndiyo inayotumika sana. Na unapopima, isimamishe wima, maana ikiwa imelalia stendi ya pembeni kipimo kinakudanganya.

Oili iliyomwagwa nayo ina ushauri wake: ipake kwenye cheni. Oili hiyo imebeba chembe za chuma na masizi, na kwenye cheni unakuwa umeipaka msasa. Cheni za kawaida zisizo na mipira ndani zisafishe kisha uzipake oili nzito ya gia, namba 90. Bei yake ni ndogo na kopo moja linaweza kutumiwa na kijiwe kizima.

Bado tuko kwenye cheni. Wengi wanapenda iwe imekazwa kama uzi wa gitaa, eti ikilegea inachomoka. Ikilegea sana kweli inachomoka. Lakini angalia kinachotokea ukipakia. Pikipiki inashuka nyuma, mkono unaobeba tairi unanyooka, na umbali kati ya meno ya mbele na ekseli ya nyuma unaongezeka. Cheni iliyokuwa imekaza ikiwa tupu sasa haina pa kwenda, inaanza kuvuta beringi ya gia kwa kila shimo unaloingia. Wanaopandisha Kinole na Tegetero kufuata ndizi ndio ninaowabadilishia beringi hiyo mara kwa mara, pamoja na sili inayovujisha oili pembeni yake. Ukija kwangu kukaza cheni nitakuomba ukae juu ya pikipiki, tena na mwenzako nyuma kama yupo. Cheni icheze kama sentimita mbili mpaka tatu pale katikati, watu wakiwa wamekaa. Kisha izungushe tairi lote, kwa kuwa cheni iliyochakaa ina sehemu iliyolegea na sehemu iliyokaza, nawe unapimia ile iliyokaza.

Kuzima injini kwenye mteremko sitakaa nako sana. Wanasema inaokoa mafuta. Inaokoa matone, kwa sababu pikipiki ndogo ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kuongezewa mafuta, haili sana. Unachopoteza ni injini yenyewe kukusaidia kupunguza mwendo, kwa hiyo breki za ngoma zinabeba mzigo wote, zinapata moto, zinaanza kutoshika. Na kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu taa kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini. Zima injini usiku na utakuwa umezima na barabara.

Kuna ushauri mmoja unaonisumbua kuliko yote, kwa kuwa una ukweli ndani yake: "Breki ya mbele usiiguse, itakurusha." Wengi wetu tulijifunzia pikipiki vijijini, kwenye kokoto, mchanga na matope. Huko ukibana breki ya mbele kwa nguvu tairi linateleza na unalala chini mara moja. Kwa hiyo wosia huo ulikuwa wa haki kabisa. Kosa ni kuuhamishia kwenye lami. Kwenye lami kavu, ukishika breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la mbele linang'ang'ania barabara na la nyuma linabaki jepesi. La nyuma peke yake litaburuza tu. Na huko kuburuza kunakula mita ambazo huna. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakata kama mita 14 kila sekunde, na sekunde ya kwanza inaishia kichwani mwako kabla hata mguu haujagusa breki. Mtu anaweza kutumia breki ya nyuma tu miaka na miaka bila tatizo, kwa kuwa siku nyingi hakuna mtoto anayekatiza ghafla. Akikatiza, vidole havijawahi kufundishwa. Kubana kwenyewe kuwe kwa taratibu kisha kuongezeka, si kunyakua. Na mvua inapoanza tu, dakika zile za mwanzo kabla haijaosha vumbi na oili iliyomwagika, rudi kwenye adabu ya kijijini.

Kuhusu kofia ngumu nitasema machache. "Vaa, trafiki yupo mbele" ni ushauri unaomhusu trafiki. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kofia inapunguza vifo kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyofungwa kamba. Isiyofungwa inafika chini kabla ya kichwa chako. Abiria akina mama wanaokataa ya kwenu kwa ajili ya jasho na nywele wana hoja. Wekeni kitambaa safi au kofia nyepesi za kutupa, sio kuwacheka.

Katika hayo yote nimebadilisha kitu kimoja bandani. Vipuri vilivyokufa sivitupi tena. Vipo kwenye ndoo mlangoni: pleti za klachi zilizoungua, beringi, ringi zilizolika, kila kimoja na kipande cha karatasi kinachosema kimekufa kwa nini. Ubishi ukianza kijiweni, wanakuja kuchukua ushahidi. Habari ya oili imekwisha, siku hizi ni wao wanaogeuza makopo dukani na kumhoji muuzaji. Cheni pia, isipokuwa mzee mmoja ambaye simgusi, namwamkia shikamoo na kumkazia anavyotaka. Breki ya mbele bado ni vita. Tumekubaliana Jumapili asubuhi twende kwenye kipande cha lami kisichopitiwa na magari, tuchore mstari kwa chokaa, kila mmoja afike pale kwa mwendo wa 30, ashike breki ya nyuma tu kwanza, kisha arudie kwa zote mbili, na tupime kwa futikamba. Wanaobisha wameweka soda.