Vyeo vingi havimfanyi mtu awe rais mzuri

Kila uchaguzi ukifika utasikia mgombea fulani ndo anafaa kwa sababu amekaa serikalini miaka mingi, jamani hapana, kushika ofisi na kuongoza ni vitu viwili tofauti. Cheki Marekani, James Buchanan anaingia ikulu 1857 alishakuwa mbunge, seneta, balozi Urusi na Uingereza, waziri wa mambo ya nje, yani kila kitu, lakini majimbo ya kusini yalipoanza kujitenga akasema hayana haki ya kuondoka ila na serikali kuu nayo haina mamlaka ya kuyalazimisha yabaki, akakwama hapohapo, na majimbo 7 yakajitangazia kujitoa yeye akiwa bado madarakani. Aliyempokea 1861, Abraham Lincoln, alikaa bunge la Washington miaka 2 tu, hajawahi kuwa gavana wala waziri, na ndo huyo aliyekataa katakata nchi igawanyike.

Sasa sisemi uzoefu hauna kazi, unasaidia sana, Lincoln mwenyewe alipitia bunge la jimbo la Illinois miaka 8 na uwaziri wa mambo ya nje akampa William Seward, mpinzani wake ndani ya chama, aliyekuwa gavana na seneta wa New York.