Anzia kwenye shokamzoba, deraila baadaye

Mtu akienda kununua baiskeli ya mlima, macho yake hukimbilia deraila ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine. Anasoma jina lililochorwa pale, anahesabu meno ya kaseti (seti ya gia za gurudumu la nyuma), kisha anauliza kama fremu ni ya kaboni. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana utakuta baiskeli ina deraila ya daraja la juu huku imefungwa foki (uma wa mbele wenye shokamzoba) ya daraja la chini, breki za pistoni mbili na tairi nyembamba. Pesa imepelekwa mahali ambapo jicho litatua.

Mimi kazi yangu ni kufungua shokamzoba na foki, kubadilisha sili (mipira inayozuia mafuta na hewa kuvuja) na mafuta, na kuzipanga kulingana na uzito wa mwenye baiskeli. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo msishangae nikisema uchaguzi uanzie hapo. Lakini sababu ninayo: deraila ikikuchosha unaifungua na kuweka nyingine, ila fremu ambayo viungo vyake havikufai huwezi kuirekebisha kwa kubadilisha kipuri.

Swali la kwanza ni mbonyeo, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kabla shokamzoba haijagota. Baiskeli za mbio za nyika zina milimita 100 hadi 120. Zile za kuzunguka msituni na milimani, panda shuka ya kila aina, zina kama 130 hadi 150. Za enduro, ambako mteremko ndio unaopimwa kwa saa lakini kilele unakifikia kwa kukanyaga pedeli mwenyewe, zina 150 hadi 170 na zaidi kidogo. Za daunhili, yaani za mbio za mteremko mtupu, ni 200. Wengi hununua mbonyeo mkubwa kuliko njia wanazopita, wakidhani unawaongezea usalama. Kwenye njia isiyo na mawe makubwa, baiskeli ya milimita 170 ni nzito na imelala kama gogo, na mlimani gurudumu la mbele linatangatanga. Kwa mtu anayeendesha kila kitu, 130 au 140 nyuma na foki imara ya 140 au 150 mbele inamtosha kwa miaka.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo karatasi ya matangazo hailitaji, nalo ndilo linalojaza meza yangu kazi. Chukua mbonyeo wa nyuma, ugawe kwa urefu ambao pistoni ya shokamzoba inaingia ndani. Fremu ya milimita 140 yenye shokamzoba ya 210x50 inakupa 2.8. Fremu nyingine ya milimita hizohizo 140, ila imefungwa 210x55, inakupa karibu 2.55. Huo ndio uwiano wa wenzo. Maana yake ni kwamba kila kilo inayokaa kwenye gurudumu la nyuma inaifikia shokamzoba ikiwa kilo 2.8 kwenye fremu ya kwanza, na 2.55 kwenye ya pili. Ukiitazama kwa macho huoni tofauti. Ukiipanda ukiwa na kilo 105, unaiona siku ya kwanza.

Mtu mzito kwenye uwiano mkubwa analazimika kupuliza hewa mpaka karibu na kikomo kilichoandikwa kwenye shokamzoba, na nyingi huishia kati ya psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 300 na 350. Hewa ikiwa nyingi kiasi hicho, inarudi kwa nguvu, na mafuta yanayopunguza kasi ya kurudi yanazidiwa. Wanakuja kwangu kitufe chekundu cha kurudi kikiwa kimefungwa hadi mwisho, bado tandiko linawapiga teke kila wakishuka ngazi ya mizizi. Shokamzoba haina ubovu wowote, imewekwa tu mahali isipopaweza. Mtu mwepesi wa kilo 55 ana shida ya upande wa pili: kwenye fremu ya uwiano mdogo anatumia hewa kidogo sana, msuguano wa sili unasikika, na hata akifungua kitufe chote baiskeli inarudi polepole, inazidi kuzama jiwe baada ya jiwe. Kwa hiyo ukiwa mzito tafuta fremu ya 2.3 hadi 2.6, ukiwa mwepesi usiiogope 2.8 au hata 3. Namba zote mbili za kugawa zipo kwenye maelezo ya fremu, na hesabu yenyewe haichukui dakika.

Huo ni wastani tu. Ndani ya safari moja ya gurudumu uwiano hubadilika, na hapo ndipo tabia ya fremu ilipo. Ukianza na 3.0 na kuishia 2.3, fremu inaongeza ugumu kwa takriban asilimia 23 kadiri inavyobonyea. Shokamzoba ya hewa nayo inajiongezea ugumu yenyewe, kwa sababu hewa iliyobanwa haina pa kwenda, na unaweza kuizidishia kwa kuweka vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi ndani. Springi ya chuma haina hiyo. Inaongeza nguvu kwa mstari ulionyooka tu. Ukifunga springi ya chuma kwenye fremu isiyoongeza ugumu, utakuwa unagota kwenye kila mruko, halafu utanunua springi nzito zaidi na kupoteza ule ulaini ulioufuata. Fremu ikiwa na asilimia 20 na kuendelea, springi ya chuma ni raha tupu: inashika ardhi vizuri na haibadiliki tabia mteremko ukiwa mrefu. Uzito utaongezeka, hilo halikwepeki.

Kuhusu mifumo ya viungo, watu hugombana bure. Kuna wa kiungo kimoja, kuna ule wa mbunifu Horst Leitner wenye kiungo mbele ya ekseli ya gurudumu, ambao kampuni ya Specialized waliutumia kwa miaka mingi chini ya jina la FSR, kuna DW-link wa Dave Weagle, kuna VPP ya Santa Cruz. Kila mmoja unaweza kutengenezwa vizuri au vibaya. Mimi naangalia mambo mawili: nyuma inachuchumaa kiasi gani ninapokanyaga kwa nguvu mlimani, na pedeli inanirudishia teke kiasi gani gurudumu linapogonga jiwe nikiwa nimekanyaga. Mara nyingi mambo haya hufukuzana, kwa sababu yote hutokana na mvuto wa mnyororo. Ukipunguza moja jingine huongezeka. Anayeendesha sehemu zenye matope mengi afikirie pia idadi ya beringi. Fremu ya kiungo kimoja ina chache, na siku zikianza kulia utafurahi.

Ukijaribu baiskeli kabla ya kununua, nenda na pampu ya shokamzoba yako. Bila kupanga mbonyeo wa awali, yaani kiasi ambacho shokamzoba inazama kwa uzito wako tu, majaribio hayana maana. Utaisifu au kuilaumu fremu kwa kosa la hewa ya mtu mwingine. Vaa vyote unavyovaa ukiendesha, maji na begi mgongoni. Weka wazi kile kiwiko cha kukazia shokamzoba ili iweze kubonyea. Mwenzako ashike usukani, wewe simama kwenye pedeli, jitikise kidogo ili sili ziachie, kisha kaa taratibu kwenye tandiko. Sukuma ule mpira mdogo wa duara ulio kwenye pistoni ya shokamzoba mpaka uguse sili, shuka bila kuruka, halafu pima. Kwenye pistoni ya milimita 50, mpira ukisimama kwenye 15, hiyo ni asilimia 30, inayofaa baiskeli nyingi za msituni na enduro. Za mbio za nyika ziwe 20 hadi 25. Foki ninaiweka kati ya 15 na 20, nikiwa nimesimama, sijakaa. Psi mbili tatu haziharibu kitu, lakini nimeona watu wakijaribu baiskeli iliyozama asilimia 40 na kuondoka wakisema haipandi mlima.

Kwenye foki angalia kwanza unene wa nguzo, yaani yale mabomba mawili yanayoteleza ndani ya miguu ya chini. Za milimita 32 waachie wa mbio za nyika. Kwa 140 au 150 chukua 34, 35 au 36. Kuanzia 160, hasa ukiwa mzito, 38 haijipindi unapokamata breki kwenye mawe. Baada ya unene, uliza kilicho ndani. Foki mbili za jina moja na umbo moja zinaweza kuwa na mtambo wa mafuta (unaodhibiti kasi ya kubonyea na kurudi) tofauti kabisa, na hapo ndipo bei inapostahili kulipwa. Kwa Fox, kwa mfano, daraja la Performance Elite lina mtambo uleule wa Factory; linalokosekana ni ile rangi ya dhahabu ya Kashima kwenye nguzo. Inapendeza kwenye picha, na inapunguza msuguano kidogo, lakini mimi tofauti hiyo ya bei ningeipeleka kwenye tairi.

Maana tairi ndiyo shokamzoba ya kwanza. Baiskeli nyingi hutoka kiwandani na tairi za ukuta mwembamba ili uzito unaotangazwa uvutie. Ukuta mnene unaongeza uzito kwenye kila tairi, lakini unakuruhusu kupunguza upepo bila kuchana tairi wala kukunja rimu, na upepo mdogo ndio unaoshika mizizi iliyolowa. Toa tyubu, weka dawa ya kuziba. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi za inchi 2.4 anaweza kuanzia psi 22 mbele na 25 nyuma, kisha ajisogeze mwenyewe. Mbele weka mpira laini zaidi kuliko nyuma: gurudumu la nyuma likiteleza unacheka, la mbele likiteleza uko chini.

Breki ziwe za pistoni nne, na diski ya milimita 200 au 203 mbele. Nyuma 180 inatosha wengi. Kabla ya kubadilisha pedi, soma maandishi kwenye diski. Diski za bei ya chini za Shimano zimeandikwa zitumie pedi za resini pekee. Ukiweka za metali utazikwangua haraka. Na mafuta ya breki hayachanganywi hata tone. Shimano wanatumia mafuta ya madini. SRAM kwa muda mrefu wametumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari, lakini breki zao za Maven ni za mafuta ya madini, kwa hiyo jina la kampuni halitoshi; soma kifuniko. DOT ndani ya breki ya mafuta ya madini inavimbisha sili, na hapo unanunua breki upya.

Vipimo vya mwili sitavirefusha. Chagua fremu kwa urefu wa mbele, yaani umbali wa mlalo kutoka usawa wa kikombe cha pedeli (pale ekseli ya pedeli inapopita kwenye fremu) hadi kichwa cha fremu, pale usukani unapoingia; herufi za S, M na L kila kampuni ina zake. Pembe ya foki ya digrii 65 hivi inafaa matumizi mengi. 63 inataka mteremko mkali ndipo iamke. Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe si anasa, na hakikisha fremu ina nafasi ya kuizamisha yote: watu wafupi hununua nguzo ya milimita 200 wakakuta haiingii.

Magurudumu ya inchi 29 yanapita juu ya vitu kwa urahisi; 27.5 nyuma pekee inasaidia watu wafupi wasiguswe na tairi wakirudi nyuma ya tandiko. Kaboni ni nzuri, lakini fremu ya alumini yenye foki nzuri inaishinda ya kaboni yenye foki mbaya, kila siku.

Tukirudi kwenye gia ambazo watu huanza nazo: kaseti ya 10-51 ya Shimano ya Deore na ile ya XT zina meno yaleyale. Kinachotofautiana ni uzito, zaidi ya gramu 100, na uzito huo unaning'inia kwenye gurudumu la nyuma, mahali ambapo shokamzoba inapaswa kuurusha juu na kuurudisha chini kwa kila jiwe. Kwa hiyo kama una pesa ya ziada ya gia, ipeleke kwenye kaseti na uiache deraila ya kawaida ifanye kazi yake. Hakikisha tu fremu ina kile kishikio cha deraila cha UDH, kilichosanifiwa kiwe kimoja kwa fremu za kampuni mbalimbali, ambacho SRAM walikileta mwaka 2019. Kipuri chake kinapatikana popote, na mfumo wao wa gia wa Transmission wa mwaka 2023 hauwezi kufungwa kwenye fremu isiyo nacho. Vilevile ninapendelea kikombe cha pedeli cha kuzungusha kwa nyuzi kuliko cha kugongelea, na nyaya zinazopita ndani ya beringi za usukani ninazichukia. Kubadilisha beringi moja ya usukani kunageuka kuwa kufungua breki na kuijaza mafuta upya.

Kwa baiskeli iliyotumika, inua tandiko kwa vidole viwili, taratibu. Ukisikia mgoto mdogo kabla gurudumu halijaondoka ardhini, kuna kiungo au kibushi kimelegea. Kama mwenyewe anakubali, fungua bolti moja ya shokamzoba, uishushe pembeni, kisha pandisha nyuma kwa mkono: inatakiwa isogee laini, bila kukwama popote. Pitisha ukucha kwenye nguzo za foki na kwenye pistoni. Mkwaruzo unaokamata ukucha utakula sili, na nguzo mpya ni ghali. Mwisho muulize foki ilifunguliwa lini. RockShox, kwa mfano, husema miguu ya chini ihudumiwe kila saa 50 za kuendesha, na huduma kamili kila 200. Akikujibu kwamba haijawahi kusumbua, ondoa gharama ya huduma kamili ya foki na shokamzoba kwenye bei kabla hamjapeana mikono.